Bahari Yenye Hita

Mume wangu hakuwahi kuipenda bahari. Tulikwenda Mombasa mara moja, tukiwa bado vijana, akamaliza safari nzima akiwa amevaa soksi, na tuliporudi Nyeri akashuka garini, akavuta ile hewa ya baridi, akasema sasa amerudi duniani. Kwa hivyo aliponiambia uzeeni, na magoti yake yanayouma, kwamba anataka kuweka maji ya chumvi sebuleni na samaki wa baharini ndani yake, nilimuuliza kama amepimwa presha hivi karibuni.

Hakucheka. Nami nilijua kwa nini hakucheka, maana nilikuwa nimekaa karibu naye ile simu ilipoingia.

Binti yetu alikuwa amepata kazi Kilifi, na huko Kilifi akapata mchumba. Jumapili moja alimpigia baba yake kumwambia kwamba watu wa kijana wanataka kuja kwetu kubisha hodi. Baba akauliza mambo ambayo baba huuliza: kijana ni wa nani, anafanya nini, kama anakunywa. Mwisho akauliza, kana kwamba si neno, "Na mkishaoana mtakaa wapi?" Msichana akacheka. "Huku tu, baba. Baridi ya Nyeri itaniua. Halafu nimezoea kuamka nikiona bahari."

Ulikuwa mzaha. Mimi ndiye niliyemzaa na namjua: tangu utotoni, jambo likiwa zito analitania ili usimuulize zaidi. Lakini baba yake alikata simu akakaa akiitazama meza. Ni yeye tu tuliyejaliwa, hatuna mwingine. Aliogopa kwamba binti akishuka huko ameshuka, kwamba tutakuwa tunamwona Krismasi hadi Krismasi, na baadaye hata Krismasi ataleta sababu. Hilo ndilo lililokuwa likimla, na hakumwambia mtu. Mimi mwenyewe sikuambiwa. Alienda akanunua tangi la kioo.

Lazima umwelewe. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Mtu akija kaunta akalalamika kwamba paa linavuja na mlango haufungi, anauziwa mabati na kitasa, na shida imekwisha. Sasa msichana alikuwa ametaja kasoro mbili za Nyeri: hakuna bahari, na kuna baridi. Basi mzee akaagiza bahari yenye hita.

Tangi lilikuja kwa pikapu, limezungushiwa magodoro, na wabebaji wakaniuliza kama ni friji ya soda. Likawekwa pale penye kabati langu la vyombo. Kabati likahamia ukumbini, ambako mpaka leo unalipita ukiwa umejikunja. Halafu vikaja vifaa vyenyewe: filta, pampu ya kusukuma maji, hita, kidude cha kupimia chumvi, mtambo mwingine wa kutoa povu chafu, na nyaya ambazo zingetosha kuangaza kanisa. Nikamuuliza kama anajua jinsi vinavyofungwa. Akaniangalia vile anavyowaangalia wateja wanaotaka kurudisha msumari. "Maji ni maji," akasema, "na bomba ni bomba."

Alipoiwasha mara ya kwanza, alikuwa ameielekeza pampu chini kwenye mchanga, ati ndiyo isukume vizuri. Ilisukuma. Tangi lote likageuka rangi ya mto Chania baada ya mvua kubwa, na likabaki hivyo tukila chakula cha mchana, tukila cha jioni, yeye akisema inatulia, inatulia. Ndipo akakubali kumpigia yule aliyemuuzia vifaa huko Nairobi.

Alirudi kutoka kwa simu hiyo na uso wa mtu aliyepewa habari za mgonjwa. Akaniketisha. Akanieleza kwamba kumbe pampu si ya kuchezesha mchanga, ni ya kuchezesha uso wa maji. Hewa huingilia pale juu, uso unapovunjikavunjika, na uso ukitulia ukawa laini, samaki wanakosa pumzi maji yakiwa tele. Tena maji ya chumvi hushika hewa kidogo kuliko ya mto, na ya vuguvugu hushika kidogo zaidi. "Halafu ameniambia," akashusha sauti, "sisi tuko mlimani. Hewa yenyewe huku ni nyepesi." Alilitamka kana kwamba ni aibu ya ukoo wetu. Mimi nimezaliwa Kiriaini, nikapumua huko miaka yote nikipanda milima na gunia la majani chai mgongoni, na hakuna aliyewahi kunionea huruma kuhusu hewa.

Akaipandisha pampu, akaielekeza juu. Maji yakaanza kutetemeka vizuri, na pampu ikaanza kulia. Krrr. Mchana krrr, usiku krrr. Nilisali rozari yangu kwa mdundo huo huo, nisijue naomba nini.

Ndugu yake anayelima Wamagana alisikia kwamba kuna shida ya chumvi, kwa sababu ile chumvi maalumu ya pakiti ilichelewa kufika. Akaja na gunia begani. "Ati munatafuta chumvi mbali na mimi niko nayo?" Ilikuwa chumvi ya ng'ombe, ile ya kulamba. Mume wangu akamshukuru, akamweleza kwamba hii ina madini mengine, samaki watakufa. Shemeji akasema ng'ombe zake hazijawahi kufa. Alirudi nayo Wamagana amenuna, na kwa muda mrefu akawa akipiga simu kumuuliza kaka yake, kwa adabu nyingi sana, bahari inaendeleaje.

Ilikuwa inaendelea bila samaki. Hilo nalo sikulijua mpaka liliponikuta: bahari mpya haiingizwi kitu upesi. Inakaa wiki na wiki na mawe yake, ikijipika, mpaka maji yakomae. Akina mama wa kanisa walikuja kuona samaki tuliowatangaza, wakatazama mawe. Wakatazama tena. "Wako nyuma?" mmoja akauliza. Nikasema wanakuja. Tukanywa chai tukitazama mawe yakipulizwa. Kwa heshima, katika sala ya kufunga, walikumbuka kuyaombea hayo maji. Na hita, wakati huo, ilikuwa inawaka. Ilikuwa inakaribia Julai, ukungu unaingia hadi jikoni, sisi wawili tumevaa sweta mbilimbili na kofia za sufu ndani ya nyumba, na kiumbe pekee aliyewekewa hita katika boma zima alikuwa samaki ambaye hajanunuliwa.

Walipofika hatimaye walikuwa wawili, wadogo kama kidole gumba, rangi ya machungwa na mistari myeupe. Niliwapakata mimi kutoka Nairobi, ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa hewa, mzee akiendesha polepole hadi malori yanatupigia honi. Tulipopita Karatina aliniuliza kama wanapumua. Nikasema wanapumua. Tulipofika nje ya mji wa Nyeri akauliza tena. Sikuwahi kuulizwa hivyo hata nilipokuwa nimelala hospitali na mtoto wake tumboni.

Msichana hakuambiwa neno. Alitakiwa aone mwenyewe. Na aliona: alifika siku moja kabla ya wageni, akaingia na mizigo yake, simu sikioni akimweleza mchumba barabara ya kushika, baba yake amesimama kando ya tangi na shati lililopigwa pasi. "Jamani, baba ameanza ufugaji," akasema. Baba akamwonyesha hita. Akamwambia maji ni digrii ishirini na tano, sawa kabisa na ya huko kwao. Akasema huko kwao, kana kwamba tayari si wa hapa. Msichana akacheka, akampigapiga begani, "Baba wewe," halafu akaenda chumbani kujaribisha nguo. Mzee akabaki akinyoosha waya ambao ulikuwa umenyooka.

Nilitamani kumfuata mtoto nimwambie. Lakini ningemwambia nini? Kwamba hii ni barua ya baba yake? Nikaenda kuchagua mchele.

Siku ya ruracio, yaani siku ya wakwe kuzungumzia mahari, kulinyesha manyunyu tangu asubuhi. Nilikuwa nimemwita mama mmoja wa mtaa wa Majengo, ambaye pilau yake inajulikana mji mzima, ili watu wa pwani wasije wakasema tuliwalisha viazi. Alikuwa apike uani. Mvua ikamwingiza ndani na majiko yake ya makaa, moja akaliweka kwenye kona ya sebule lipashe chakula na watu kwa pamoja. Madirisha tukayafunga kwa baridi. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja alfajiri kupamba, na kwetu kupamba ni kufunika. Hakuna meza, kiti, redio wala chupa ya chai iliyobaki bila kitambaa cha kufuma. Walipofika kwenye tangi walisimama kidogo, kwa kuwa hawakuwa wameshonea kitu kirefu namna hiyo. Wakaunganisha vitambaa vitatu juu, kisha wakateremsha shuka jeupe lenye maua mbele na pembeni, vizuri, bila kunjo hata moja. Ilipendeza. Ungedhani ni altare.

Shemeji wa Wamagana ndiye aliyekuwa msemaji wetu, na msemaji alitaka spika. Spika ilitaka soketi. Sikumwona akichomoa. Nilichokumbuka baadaye ni kwamba nilikuwa nikikata kachumbari nikasikia kimya, ile krrr imekoma kwa mara ya kwanza tangu ianze, nikamshukuru Mungu.

Wageni walifika wamechelewa, na wakifika, mila haisemi wakaribishwe. Walifungiwa lango. Akina mama wakaimba ndani, wao wakaimba nje, tukawauliza wanatafuta nini, wakajibu, tukadai hatusikii. Watu wa pwani masikini, wamevaa viatu vya wazi, wanaimbishwa kwenye manyunyu ya Julai. Huo mchezo kwa kawaida ni mfupi, lakini kwa kuwa wao walikuwa wanaimba vizuri kuliko sisi, akina mama wetu walikataa kushindwa.

Ndipo wakaingia, tukajazana sebuleni hadi kwenye mikono ya viti. Sala. Utambulisho. Shemeji akashika maikrofoni na kuanza kueleza historia ya mbari yetu tangu mlima ulipowekwa, na akiwa katikati stima ikapotea. Spika ikafa. Akaendelea bila hiyo, na sauti yake haikupungua hata kidogo.

Baba ya kijana alikuwa mtu mfupi, mcheshi, fundi wa kufyatua matofali ya saruji. Mume wangu alikuwa amemwandalia maswali mengi ya baharini, na wakati wa chai alimwuliza moja, kuhusu mikondo ya maji. Yule mzee akamjibu kwa Kiswahili chake laini, "Mkwe, mimi nimekulia hapohapo ufukweni lakini sijui kuogelea. Samaki namjua akishalala kwenye sahani." Mume wangu akarudisha kikombe mezani. Niliona bega lake likishuka.

Ikaja saa ya kumchagua bibi harusi. Kwetu wasichana hufunikwa lesi na leso kutoka kichwani hadi miguuni, wakapangwa mstari, na upande wa kijana sharti umtambue wao bila kufunua. Wakaingizwa, wote kimo kimoja, wakasimama kimya. Kijana akaambiwa achague. Lakini baba yake, kwa ule ucheshi wake, akasimama badala yake, akawapita wale wasichana mmoja baada ya mwingine akitikisa kichwa, akafika kwenye tangi letu lililovalishwa shuka.

"Mbona huyu mnono hamjanipangia?" akasema. "Mimi nitamchukua huyu." Akashika pindo akafunua.

Watu walicheka, halafu kicheko kikapungua. Maji yalikuwa yametulia tuli, uso wake laini kama chai iliyosahaulika. Wale samaki wawili walikuwa juu kabisa, vinywa nje, wanafungua na kufunga.

Mume wangu alikuwa amekaa mahali pa baba wa msichana, mahali ambapo mtu haamki mpaka shughuli iishe. Akaamka. Akapita kati ya magoti ya wakwe bila kuomba radhi, akang'oa vitambaa, akatazama plagi. Shemeji akairudisha kwenye soketi upesi, akabonyeza, akabonyeza tena. "Stima hakuna," akasema, kama mtu aliyegundua jambo. Mume wangu akachukua jagi la maji ya kunywa mezani, akalimwaga kwenye ndoo ya kunawia, akakunja mkono wa koti lake jipya hadi kwenye kiwiko, akachota maji ya tangi na kuyamimina tena kutoka juu. Akachota, akamimina. Maji yakaruka hadi kwenye zulia.

"Nyinyi nanyi toeni jiko nje, fungueni hayo madirisha," akasema yule mama wa Majengo. "Hata sisi watu humu tunakosa pumzi."

Baba ya kijana alikuwa bado ameshika shuka. Akaliweka chini, akatafuta chombo, hakuona, akachukua bakuli tupu la kutilia kachumbari, akalisuuza. Akaanza kuchota naye upande wa pili. Shemeji akakohoa. Akasema kimila hawa wawili hawapaswi kusemezana, kila neno lipite kwa wasemaji.

Walichota hivyo kwa muda mrefu, wazee wawili wenye koti, chumba kizima kikiwatazama. Nilikuwa karibu, nimeshika taulo. Ndipo nikamsikia mume wangu akiuliza, si kwa sauti ya mkutano, kwa ile sauti yake ya nyumbani, na bila kuinua macho kutoka kwa maji:

"Mkwe. Atakuwa anarudi kututazama?"

Baba ya kijana alisimamisha bakuli. Nadhani mtu mcheshi huchelewa kidogo akiulizwa jambo la kweli. Kabla hajapata jibu, likatoka mahali pengine, kutoka kwenye mstari wa leso, wa nne kutoka mlangoni.

"Nitarudi, baba."

Ilikuwa sauti iliyokwisha kulia. Basi mchezo ukaharibika, maana hata mtu kiziwi sasa alijua bibi harusi ni yupi. Akina mama wakaguna. Shemeji, ambaye siku hiyo aliharibiwa kila kitu, akatoa uamuzi kwamba zoezi ni batili, wasichana warudi chumbani wapangwe upya. Wakapangwa upya. Kijana akapita mstari kwa makini, akijifanya kutafuta, akamshika yule yule aliyekuwa akivuta kamasi chini ya leso, na sote tukashangilia kana kwamba tumestaajabu. Mume wangu hakuona. Alikuwa anachota.

Samaki walishuka. Polepole, kwanza mmoja, halafu wa pili, wakarudi chini kwenye mawe yao. Stima ilirudi tulipokuwa tukila pilau, krrr, na kuna watu walipiga makofi.

Wakati wa kuaga, mkwe wetu, aliyerudiwa na ucheshi wake, aligonga kioo kwa kucha akasema, "Hawa nao tungewabeba tu, tuwarudishe kwao."

"Msichana nimewapa," mume wangu akasema. "Samaki mtaniachia."

Watu wakacheka sana. Mkwe naye alikuwa ameanza kucheka, kisha akamtazama usoni, akaacha, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Sasa binti yetu ni mke wa mtu Kilifi. Amerudi mara kadhaa, si mara nyingi kama mzee anavyotamani, lakini ni nyingi kuliko nilivyoogopa mimi. Bahari bado iko sebuleni na kabati langu bado liko ukumbini. Pampu bado inalia. Kitambaa hakiruhusiwi hata karibu. Stima ikipotea, na Nyeri hupotea wingu likipita tu, mimi ndiye wa kwanza kushika jagi, kwa sababu magoti ya mzee hayamfikishi upesi. Yeye hufuata na bakuli. Tunasimama pande mbili tukichota, na mara nyingi ndipo simu ya binti inapolia, nami huipokea kwa mkono mkavu.

Huwa hanisalimu. Huuliza kwanza, "Wanapumua?"

"Wanapumua."

"Na baba?"

Namtazama, mkono mmoja umelowa hadi begani, ameacha kuchota ili asikie vizuri ninachoambiwa.

"Anapumua," namwambia. "Maana umepiga."